Kaka Yako Hakurudi Kenya kwa Hiari Yake

Ulemo, Jumamosi alasiri

Tabita mwanangu,

Salamu za karatasi hatuna haja nazo leo, maana hapa nilipo nakusikia. Mnatwanga uwele na mama yako, michi yenu inapishana, na mara moja moja mnacheka. Nimefunga dirisha la dispensari la upande wa nyumbani ili nisiwaone. Wagonjwa waliisha tangu saa saba. Nimeosha mabakuli, nimechemsha sindano, nimefagia chumba kilichokuwa kimekwisha kufagiwa. Sasa sina kazi nyingine ya kujifichia.

Mambo ya blanketi, ya sabuni, ya kuwaheshimu wakubwa wa hospitali na kutuandikia kila mwezi, mama yako na mchungaji wamekueleza mpaka umechoka. Mimi siyarudii. Nina jambo moja tu, na ningeweza kukuambia kwa mdomo siku yoyote katika miaka hii minne kama ningekuwa na kinywa cha kulisemea. Sina. Mkono wangu umezoea kuandika maradhi ya watu kwenye daftari, basi acha uandike na haya.

Jumapili iliyopita, ulipoitwa mbele kanisani kuagwa, ulisema hivi: "Watu wananiuliza kama siogopi kwenda Kenya na vita bado haijaisha. Kaka yangu Zakaria aliyaona ya kule, akaja nyumbani, akarudi mwenyewe bila kusukumwa na mtu. Mimi ni dada yake." Watu wakapiga makofi, akina mama wakapiga vigelegele. Mimi nikatoka nje. Ulidhani ni uchungu wa kukuaga, ndiyo maana jioni ile ulinitengea maji ya kunawa bila kuombwa, ukanisemesha kwa upole kama mgonjwa.

Tabita, Zakaria hakurudi mwenyewe. Mimi ndiye niliyemrudisha.

Wakati ule ulikuwa bweni, shule ya misheni, una miaka kumi na minne. Ulipokuja likizo tulikuambia kwamba kaka yako alipita siku chache kutusalimia, akakuachia salamu, akaenda zake. Salamu alikuachia kweli. Hayo mengine niliyatunga mimi, na mama yako akayameza kwa ajili yangu.

Alipokwenda kusomea useremala kule Kenya hapakuwa na vita. Palikuwa na shule nzuri ya ufundi pembeni ya msitu, karibu na mashamba ya Wazungu, na katika Iramba nzima hapakuwa na kijana mwingine aliyepata nafasi hiyo. Unakumbuka nilivyokuwa. Nilisimama barazani mbele ya wazee nikasema kwamba madawati ya shule yetu hayatanunuliwa Singida wala Arusha, yatatengenezwa na mkono uliozaliwa hapa hapa Ulemo. Nilisema hivyo mara nyingi mpaka watu wakawa wanamwita "fundi" hata kabla hajaigusa randa.

Mwaka wake wa pili, vita ikaanza. Tukaisikia kwenye redio dukani kwa Mhindi: Maumau, askari, watu kuchomewa nyumba. Mama yako aliniuliza kama ni karibu na Zakaria. Nilimwambia Kenya ni nchi kubwa. Sikuwa najua ukubwa wake. Nilijua tu kwamba sitaki kuulizwa.

Zakaria akaja wakati tunavuna mtama, saa sita mchana, jua kali. Lori lilikuwa limeharibika Iguguno, akatembea kwa miguu kutoka kule. Nilikuwa hapa hapa ninapoandika, namfunga mzee mmoja kidonda cha mguu. Nikaona kivuli mlangoni, nikainua uso. Alikuwa amekonda mpaka kola ya shati imemzidi shingo, na viatu vimejaa vumbi. Akasema, "Shikamoo, baba."

Sikuitikia. Nilimuuliza, "Umefukuzwa?"

Mzee wa kidonda alinitazama. Zakaria akasema, "Hapana, baba. Nimeondoka." Mimi nikainama, nikaendelea kufunga bandeji. Mwanangu alisimama pale mlangoni na shikamoo yake mkononi, kama mtu aliyeleta kitu kwenye nyumba isiyokipokea, mpaka mzee yule akasema, "Marahaba, mjukuu wangu. Kaa chini, umechoka." Marahaba yangu mimi hakuipata siku ile. Nimewaitikia watoto wa watu maelfu tangu hapo, na kila ninapoitikia naikumbuka hiyo moja.

Mama yako alimchinjia jogoo. Tulipomaliza kula ndipo akaeleza. Alizungumza polepole akitazama mikono yake.

"Baba, kule kuna maswali mawili tu. Usiku wanakuja watu kutoka msituni wanakuuliza, uko pamoja na sisi? Asubuhi wanakuja askari wanakuuliza, usiku walikuja akina nani? Mimi lugha yao siijui. Nikisema ni mtu wa Tanganyika, hawa wananiita mpelelezi na wale wananiita mpelelezi. Nilikuwa na barua ya shule inayonitambulisha. Askari aliisoma, akaichana, akasema karatasi haina uso."

"Sasa kwa nini usikae kimya, usome?" nikamwuliza.

"Nilikaa kimya. Ukikaa kimya wanakuuliza kwa nini umekaa kimya. Mwenzangu wa kitanda cha pili alikaa kimya. Walimchukua, hakurudi, na hata sasa sijui ni akina nani waliomchukua."

Mama yako alianza kulia. Mimi nilisema tutazungumza kesho.

Kesho yake, kabla hatujazungumza lolote, akaja mwanangwa, mkuu wa kijiji chetu wa wakati ule. Alikuwa amesikia. Alisimama uani akacheka kidogo, si kwa ubaya, akasema, "Naambiwa fundi wetu amerudi. Amemaliza mapema hivyo?" Na mimi, mwanangu, bila kufikiri hata kwa muda wa kumeza mate, nikajibu, "Amekuja kutusalimia tu. Anarudi Jumatatu."

Zakaria alikuwa ndani, mlango wazi. Alisikia. Hivyo ndivyo alivyopata habari kwamba anarudi. Hakuambiwa na baba yake uso kwa uso. Alisikia nikimwambia mtu mwingine, ili mtu huyo asiende kunicheka.

Mama yako alinishika mkono jioni ile. "Baba Zakaria, mwache mtoto. Ng'ombe hawana mchungaji, akachunge. Madawati yatatengenezwa na mwingine." Nikamwambia mwanamke haijui vita. Akaniuliza, "Wewe unaijua?" Nikasema naijua. Akauachia mkono wangu, maana hilo ndilo lililokuwa jina langu hapa kijijini, mtu aliyeijua vita.

Jumatatu nilimsindikiza mpaka barabara kuu kungoja lori la kwenda Singida. Tulikaa juu ya gogo. Nilimpa maneno mengi ya kiume, siyakumbuki hata moja. Ninalokumbuka ni lake. Lori lilikuwa limeonekana tayari, vumbi lake linakuja, akanigeukia akaniuliza, "Baba, kule vitani Bama, wewe hukuogopa hata siku moja?"

Nikamjibu, "Hata siku moja."

Akaitikia kwa kichwa. Akapanda. Aliketi juu ya magunia, mgongo kwangu, na kabla ya kona ndipo akageuka akanipungia.

Hapa nimeinuka kidogo nikanywa maji. Sasa nikueleze lile ambalo hata mama yako hakulijua mpaka mwaka jana.

Unaijua hadithi yangu ya Bama. Umekua nayo. Jinsi tulivyokuwa tukibeba majeruhi kwenye machela katika matope na mvua, mimi na Hamisi, kijana wa Itigi aliyekuwa akifanya kazi ya reli kabla ya jeshi. Jinsi mizinga ya Wajapani ilivyoanza kutuangukia, Hamisi akakimbia, mimi nikabaki na majeruhi. Nimeisimulia motoni, nimeisimulia kwenye pombe kabla sijaacha pombe, na mara moja mwalimu aliniita niisimulie darasani. Zakaria aliijua kwa moyo. Akiwa mdogo aliicheza na wenzake, yeye akiwa mimi.

Ilitokea kweli, ila kinyume chake. Hamisi ndiye aliyebaki. Ilikuwa mchana, baada ya chakula. Mzinga wa kwanza uliangukia mbali, wa pili karibu, na wa tatu ulipolia hewani mikono yangu iliachia ile miti ya machela yenyewe, naapa sikuiamuru. Nilisikia majeruhi akipiga kelele alipoanguka chini. Nilisikia Hamisi akiniita, "Elia! Elia, shika!" Nilikimbia. Nililala katika shimo lililojaa maji mpaka shingoni, na ruba walininyonya miguu, na sikutoka mpaka kumekuwa kimya. Nilipowarudia wote wawili walikuwa wamekufa. Hamisi alikuwa amemlalia yule majeruhi kumkinga. Ofisa alipofika alinikuta nimekaa karibu nao, nimelowa damu na matope, akadhani nilikuwepo tangu mwanzo. Akanishika bega akasema mimi ni mtu hodari. Sikumsahihisha.

Ndivyo nilivyomvua Hamisi ushujaa wake nikauvaa mimi. Na kwa kuwa hadithi inataka mwoga, yeye aliyekufa nikampa uoga wangu. Wakati wa kurudi, treni ilisimama Itigi karibu saa nzima. Nilijua mama yake anakaa pale, alikuwa amenielekeza nyumba yao mara nyingi, tukitoka stesheni, upande wa kushoto. Sikushuka. Nilijifanya nimelala.

Nimewaza sana kama angepona iwapo ningebaki. Pengine tungefika. Pengine tungekufa watatu, na wewe usingezaliwa. Sijui, na sikuandikii hivi ili kukuambia kwamba kukimbia ni kuzuri. Wapo ambao kukimbia kwangu kuliwaua. Nakuambia kwa sababu Zakaria aliniuliza swali moja katika maisha yake ambalo jibu lake lilikuwa na uhai wake ndani, na mimi nilimjibu kwa hadithi ya mtu mwingine. Kama ningemwambia, "Mwanangu, niliogopa mpaka nikajisaidia nguoni, nikakimbia, ndiyo maana niko hapa," angeshuka kwenye lile lori. Nina hakika. Alikuwa anangoja niseme hivyo. Uso wake wote ulikuwa unaningoja.

Miezi mitatu baadaye tarishi wa boma alileta barua. Ilikuwa ya Kiingereza, ya mkuu wa ile shule, fupi. Niliisoma hapa dispensari nikiwa nimesimama. Kwamba Zakaria alikutwa Jumapili kando ya barabara ya msituni, maili mbili kutoka shuleni, amekwisha kufa. Kwamba haijulikani ni nani aliyemwua. Kwamba amezikwa kwa heshima. Nilikaa nayo mfukoni siku mbili. Siku ya kwanza nilitibu watu, nikala chakula, nikamjibu mama yako alipouliza mbona uso wangu umekuwa hivyo, nikasema jino. Siku ya pili usiku sikuweza tena, nikamwambia. Kilio chake ulisimuliwa, hukukisikia. Mimi nilikisikia, na katika kilio chote kile hakunitaja. Hilo lilikuwa zito kuliko kama angenitukana mbele ya watu.

Kisha akaja kijana mmoja wa Kondoa, Saidi, aliyekuwa akisoma naye. Alileta kile kisanduku cha mbao ambacho sasa unawekea nguo zako. Mama yako alikuwa mtoni. Nilimkaribisha kivulini, nikamuuliza ilikuwaje.

"Tulikuwa wageni watatu, mzee," akasema. "Wiki ile mambo yalikuwa mabaya. Mwalimu mkuu akatuita akasema, ninyi si watu wa hapa, anayetaka kwenda kwao aende, sitamwandikia vibaya. Sisi wawili tuliondoka Ijumaa. Zakaria tulimsihi sana. Nilimkunjia hata nguo zake."

"Akasemaje?"

Yule kijana alitazama chini. Alikuwa na adabu, alijua anampa nani maneno hayo. "Alisema, baba yangu hakukimbia vita ya Wajapani, mimi nitamwambia nini?"

Nilimpa uji, nikamsindikiza barabarani kabla mama yako hajarudi. Nilikuwa na haraka aondoke. Nilipomuuliza jambo la mwisho, kama mwanangu alikuwa akiogopa, alisema, "Sote tuliogopa, mzee. Yeye usiku alikuwa akitetemeka mpaka kitanda kinalia."

Sasa unajua. Ule ujasiri uliousimulia kanisani haukuwepo. Alichokuwa nacho kaka yako ni utii, na utii wake niliutumia vibaya. Ndiyo maana sikuweza kukuacha upande lori kesho ukiwa umeubeba ujasiri wa uongo kama alivyoubeba yeye. Wewe unao wako, nimeuona. Lakini usiuongezee huo.

Nakuungamia na jingine, kwa kuwa nimeanza. Barua yako ya kukubaliwa kusomea uuguzi katika hospitali ile ya Kenya ilikaa siku tisa ndani ya kabati la dawa, nyuma ya chupa ya iodini. Ulikuwa unakuja kuniuliza kila siku kama tarishi amepita. Nilikuwa nimeamua kuichoma. Kisha ikaja siku ile mke wa jirani yetu wa bondeni aliletwa na uchungu wa siku mbili, mtoto amekaa vibaya, na gari la kumpeleka hospitali ya Kiomboi halikupatikana. Wewe ulimshika mikono. Unajua jinsi mikono yangu ilivyofanya, ilizunguka zunguka tu, maana mimi nimefundishwa vidonda, macho na malaria, sikufundishwa hilo. Alipokata roho uliniuliza, "Baba, hukujua la kufanya?" Nikakujibu, "Sikujua." Labda hukuona kitu, lakini ilikuwa mara ya kwanza maishani mwangu kumjibu mwanangu jambo linalonidhalilisha. Na hukunidharau. Ulichukua kitambaa ukaanza kumfuta yule mama uso. Kesho yake asubuhi nikakupa barua, nikasema imefika jana.

Kwa hiyo sikuzuii. Mtoto mmoja nilimlazimisha kwenda, na wa pili nilitaka kumlazimisha kubaki, na mara zote mbili nilikuwa nauguza aibu yangu na hofu yangu, sikuwa namtazama mtoto. Wanasema sasa vita imepungua, msitu umetulia. Labda. Redio ilisema hivyo hata mwaka ule. Bado kuna seng'enge vijijini na vibali vya kutembea, na wewe utakuwa mgeni kama alivyokuwa yeye.

Ninalojua ni kidogo. Wataletwa kwako watu wenye majeraha, na mtu atakuuliza huyu alijeruhiwa wapi, na mwingine atakuuliza huyu ametibiwa na nani. Wewe jua kidonda tu. Mwenye kidonda usimjue. Usibebe barua ya mtu hata akiwa rafiki, hata akilia. Ukiitwa nje na mtu usiyemfahamu, mwambie mkubwa wako wa wodi kwanza, hata kama utaonekana mtoto.

Na siku utakaposikia tumbo limekuwa baridi kwa hofu, usianze kujiuliza watu wa Ulemo watasemaje. Nimeishi nao miaka hamsini. Watakucheka wiki mbili, kisha ng'ombe wa fulani wataingia shamba la fulani na watakuwa na mengine ya kusema. Mimi kwa ajili ya wiki mbili hizo nilimtoa mwanangu. Njoo hata kama ni katikati ya masomo. Njoo hata kama huna cheti, huna viatu, hujaaga mtu. Ukifika mlangoni mwangu nitakuitikia kwanza, na sitakuuliza kitu mpaka utakapotaka mwenyewe kusema, na usipotaka, basi.

Na kama hutaki kwenda kabisa baada ya kusoma haya, kesho lori litapita bila wewe, nami nitasimama kanisani niseme ni kwa nini. Na kama utakwenda, nenda ukijua damu yetu ni ya watu wanaoogopa, na si aibu, wala si kosa lako.

Tena usiliogope kaburi lake wala usilitafute. Ni mbali na hospitali, na njia yake si salama. Siku moja nitakwenda mimi. Niliahidi hivyo na sijaenda, nalo ulijue.

Nilikusudia kuificha barua hii chini ya nguo kwenye sanduku, uikute ukiwa umefika, mbali, usiweze kunitazama. Ndivyo nilivyoianza. Nilipofika nusu nikaona ninafanya kama kwenye treni pale Itigi, najifanya nimelala. Kwa hiyo utaisoma leo, kabla jua halijazama, na mimi nitakuwa hapa dispensari, mlango wazi. Ukitaka kuja, njoo. Ukitaka kunililia, au kunigombeza, au kukaa bila kusema, ni haki yako. Ukitaka usinione mpaka kesho, nitaelewa pia.

Nilikuwa nataka kuimalizia hapo. Lakini mama yako ameingia sasa hivi kuniuliza mbona nimefunga dirisha. Ameiona karatasi. Yeye hasomi, unajua, lakini macho yangu anayasoma. Akasema, "Ni ya Tabita?" Nikasema ndiyo. Akaketi kwenye benchi la wagonjwa, na unga bado uko mikononi mwake, akasema, "Nisomee."

Nimemsomea yote, tangu michi mpaka hapa. Ya Hamisi alikuwa anayajua tangu mwaka jana. Ya Saidi wa Kondoa hakuyajua. Nilipofika pale Zakaria aliposema atamwambia baba yake nini, alijishika tumbo kwa mikono miwili kama mtu aliyepigwa, na unga ukamwachia alama nyeupe kwenye kanga. Nikaacha kusoma. Akanipa ishara niendelee.

Nilipomaliza, wewe nje ulikuwa unaita, "Mama, nipepete na huu?" Mama yako akasema kwa Kinyiramba, kwa sauti ndogo, nami nakuandikia kwa Kiswahili kama nilivyoweza:

"Maneno haya yalikuwa ya Zakaria. Umechelewa nayo."

Nikasema, "Najua."

Akasimama, akajifuta machozi kwa mgongo wa mkono, akaenda akafungua dirisha. Wewe ulikuwa uani umeinama juu ya ungo, ukatuona, ukatabasamu.

"Huyu bado yupo," akasema. "Mpelekee."

Naja sasa, mwanangu.

Baba yako,
Elia